Sikio la Utepe

Kamanda alishuka garini na kuupiga mlango teke kwa nyuma, kama mtu anayefukuza mbwa. Mlango uligonga mahali pake, ukarudi, ukabaki wazi kiasi cha kupitisha kidole. Akaupiga tena. Bawaba ya juu ililia kama mfupa unaoteguka, na safari hii mlango ukakataa katakata kufunga.

"Shemeji," alisema, "gari langu limekuwa bubu."

Fundi alikuwa amechuchumaa mbele ya betri ya lori, akisugua vichwa vyake kwa brashi ya waya. Hakuinuka haraka. Pale gereji kila mtu alijua kwamba Kamanda akifika asubuhi kutoka zamuni huwa bado hajauvua usiku wenyewe: buti zenye matope, redio ya mkononi inayokoroma kiunoni, na kirungu cheusi kilichoning'inia mkononi kwa kamba ya ngozi. Alikuwa msimamizi wa walinzi wa mtaa mzima wa nyumba zenye mageti, na hapakuwa na mtu aliyemwita kwa jina. Hata mkewe alimwita Kamanda. Mkewe huyo ndiye aliyekuwa dada yake Fundi, dada mkubwa, baba mmoja mama mmoja.

"Bubu vipi?" Fundi aliuliza.

"Halilii. Zamani ukifungua mlango na ufunguo umo, lilikuwa linapiga ti-ti-ti mpaka unakoma. Ukisahau taa, linalia. Sasa kimya, kama limefiwa."

"Uzee huo," alisema Mama Rangi kutoka upande wa pili, alipokuwa akipiga msasa bodi ya basi dogo la shule. Yeye ndiye mwenye gereji na ndiye mpaka rangi, mwanamke mnene mwenye mikono ya kubeba injini. "Hata mimi nikifika umri wa gari hilo nitachoka kupiga kelele."

"Wewe hutachoka," Kamanda alimjibu bila kucheka. Kisha akamgeukia Fundi. "Mimi nalala mchana. Gari naliegesha chini ya dirisha langu. Mtu akiligusa nataka liniamshe, hata nikiwa nimelala kama maiti. Nimemuuliza dada yako nani amechezea nyaya. Nimemuuliza vizuri tu."

Alikunja na kukunjua vidole. Ngozi ya vifundo vyake ilikuwa imechubuka, nyekundu bado mbichi.

Ulimi wa Fundi ulikwenda wenyewe kwenye pengo la jino. Mwaka uliopita alijitutumua akaenda kumkabili shemeji yake getini. Kamanda alimng'oa jino lile kwa ngumi moja, mbele ya walinzi waliogeuza nyuso, kisha akaingia ndani kumalizia hasira. Kesho yake dada alimpigia simu, maneno yakipita kwa shida kwenye midomo iliyovimba: "Mdogo wangu, usinisaidie tena. Ukinisaidia wewe, napigwa mimi mara mbili." Dada alikwenda kituo cha polisi pia, akaambiwa mambo ya nyumbani yamalizwe nyumbani, na aliyemwambia hivyo jioni ile ile alionekana akinywa chai na Kamanda. Tangu hapo Fundi alikuwa akimsaidia dada yake kwa kutomsaidia, na jambo hilo lilimla ndani kwa ndani kama kutu.

"Chiriku hajambo?" aliuliza.

"Mguu unaunga. Nilimwambia asisimame ngazini mtu mzima akiwa na hasira. Hakusikia."

Chiriku alikuwa mpwa wake, mtoto wa miaka saba aliyepewa jina hilo kwa sababu hakujua kunyamaza. Tangu mguu wake wa kulia utiwe plasta alikuwa haongei, hata na mwanasesere wake.

Kamanda alivuta benchi, akaliweka karibu kabisa na mlango ule uliopinda, akaketi, kirungu magotini. "Fanya haraka. Leo ndiyo mwisho wangu kulala mchana. Kesho nahamia zamu ya mchana, gari naondoka nalo asubuhi. Na nakaa hapa hapa nikutazame. Mafundi nyinyi mkiachwa peke yenu na gari la mtu, linarudi limekonda."

"Si ukalale kwanza?" alisema Mama Rangi. "Macho yako yamekuwa kama breki zilizoungua."

"Nitalala hilo likishalia." Akacheka kidogo, mwenyewe kwa mwenyewe. "Jana nilimkuta yule mzee wa kizuizini, pale kwenye mti wa kuingilia mtaani, amesinzia. Nikampa moja ya sikio. Sasa hasinzii tena. Sikio lenyewe halimruhusu."

Fundi aliingiza ufunguo, akaanza kazi. Alianzia pale baba yao alipomfundisha aanzie, kwenye jepesi kabla ya gumu. Alichomoa fyuzi, akaitazama dhidi ya jua: nzima. Akaufungua mlango, taa ya darini ikawaka, maana yake swichi ya mlango inajua kazi yake. Akagusa waya wa swichi ya ufunguo kwa taa yake ya kupimia, ile aliyoitengeneza kwa balbu ya indiketa na msumari, nayo ikawaka. Basi ugonjwa ulikuwa mbele zaidi. Ama baza, kile kidude chenyewe cha kulia, imekufa, ama njia ya kuifikia imekatika.

Alilala chali chini ya usukani, kichwa kwenye pedali, miguu nje. Buti za Kamanda zilikuwa pembeni ya mbavu zake. Kila alipotulia kidogo kufikiri, ncha ya buti moja ilimdokoa.

"Umelala, shemeji?"

"Natafuta."

"Tafuta kwa mikono. Sisikii mikono."

Skrubu za kifuniko cha chini ya dashibodi zilitoka kirahisi mno, kama zilizorudishwa kwa vidole vyenye haraka. Nyuma ya saa ya mwendo aliiona baza, kijisanduku cheusi cha ukubwa wa kiberiti. Akavuta waya wa majaribio kutoka kwenye fyuzi, akaugusisha kwenye mguu wa baza.

Ti-ti-ti-ti.

"Ahaa," Kamanda alisema kule juu, na benchi likalia kwa furaha yake. "Kumbe ulimi umo."

Fundi naye alitabasamu. Ilikuwa ile furaha ya kipumbavu inayompata kila fundi kitu kilichokufa kinapopumua, na ilimjia kabla hajakumbuka kitu hicho ni cha nani. Alikuwa bado anatabasamu alipoufuata waya wa baza kwa vidole na kukuta umekatwa.

Umekatwa safi, kwa mkasi. Ncha zote mbili zilikuwa zimefungwa utepe mwekundu zisije zikagusa bati na kuunguza gari. Na mwisho wa kila utepe ulikuwa umekunjwa juu ya wenyewe, ukabaki na kipande kidogo kisichonata, cha kushika kwa kucha.

Tabasamu lilimfia mdomoni.

Baba yao alikuwa fundi redio, na ufungaji ule ulikuwa wake. Kila alipofunga waya aliukunja mwisho wa utepe namna ile, akaliita sikio. "Kuna mtu atakuja kufungua hapa baada yenu," aliwaambia wanawe wawili, mmoja kila upande wa meza yake iliyojaa matumbo ya redio. "Msimfanye atumie meno." Alipofariki, Fundi alichukua koleo zake. Dada alichukua gurudumu lake la utepe mwekundu.

Mtu anayeharibu gari hakunji sikio. Aliyekata waya huu alitarajia kwamba siku moja utaungwa tena, na mkono wake haukuweza kukata vibaya hata ulipokuwa na haraka.

Fundi alipeleka mkono ndani zaidi, nyuma ya mfereji wa hewa, akagusa mfuko wa plastiki. Ndani yake mlikuwa na kiatu cha mtoto, soksi imesokotwa ndani yake, na kopo la vidonge vya maumivu. Kiatu kimoja tu. Cha mguu wa kushoto.

Hapo akaelewa yote. Ua wa nyumba ya dada yake uliteremka kutoka chini ya lile dirisha mpaka getini. Dada hakuwa na nguvu ya kumbeba mtoto mwenye plasta mtaa mzima mbele ya walinzi wa mumewe, lakini gari lile walinzi walilipigia saluti bila kuangalia nani yumo. Angeingiza ufunguo ili usukani ulegee, aache mlango wazi, alisukume taratibu kupita chini ya dirisha, na injini aiwashe barabarani. Angefanya hivyo mchana, Kamanda akikoroma. Leo, kwa kuwa kesho hapakuwa na gari. Kilichohitajika kilikuwa kimya tu, na kimya hicho yeye, mdogo wake, alikuwa ametoka kukiharibu kwa meno nje.

Buti lilimkandamiza ubavuni, safari hii bila utani. "Umeona nini?"

"Waya umekatika."

"Umekatika, au umekatwa?"

Fundi alizitazama zile ncha safi, ziking'aa mbele ya pua yake. "Panya," alisema.

"Lete nimwone huyo panya."

Alibandua tepe nyekundu kwa masikio yake, zikatoka bila ubishi, kama baba alivyotaka. Akazibandika mkononi mwa ovaroli lake, kama alivyozoea kubandika kila utepe anaoubandua, tangu utoto. Akakata vipande viwili vya waya, akavitia mdomoni, akavitafuna. Alitafuna kwa magego, polepole asisikike, plastiki ikimponyoka kila ilipofika kwenye pengo, nyuzi za shaba zikimchoma ufizi mpaka akaonja damu. Alipovitoa vilikuwa vimechakaa vizuri, vinatia hata huruma.

Kisha akaunga. Hakutia lehemu. Alizisokota ncha mzunguko mmoja mlegevu, akafunga kwa utepe wake mweusi, akauachia sikio refu, refu kuliko yote aliyowahi kukunja, likaning'inia chini ya kifuniko mahali ambapo mkono wa dereva unaweza kulipapasa. Ukilivuta, waya wote unaachana. Angepata wapi nafasi ya kumwambia dada? Asingeipata. Lakini dada akijua gari limepita kwa mdogo wake, atapapasa. Kwa jambo hilo Fundi alikuwa tayari kuweka kichwa chake rehani. Kile kiatu alikisukumia kifuani mwa ovaroli.

Alitoka, akasimama, akaufungua mlango uliopinda.

Ti-ti-ti-ti-ti.

Kamanda alisikiliza amefumba macho, kama mtu anayesikiliza wimbo wa ujana wake. Akaviinua vile vipande vya waya kwenye mwanga, akavigeuza.

"Panya," alisema.

"Panya."

"Ana meno mabaya, huyu." Akacheka, na Fundi naye akacheka, kicheko kikavu. Kamanda akampiga kofi la begani, kofi la kirafiki, na mkono ukateremka kwenye ovaroli mpaka ukasimama karibu na kiwiko.

Zilikuwa pale. Tepe mbili nyekundu, masikio juu.

Kamanda alishika moja kwa ncha za vidole, akaibandua taratibu. Aliitazama kwa muda mrefu kuliko alivyoutazama waya.

"Pasi yangu ina hii kwenye waya wake," alisema kwa upole. "Redio yangu ina hii. Na taa ya chooni kwangu."

"Hizo zangu, shemeji. Natumia kila siku."

"Za kwako nyeusi. Nimekutazama asubuhi nzima." Akaibandika ile nyekundu kwenye paji la uso la Fundi, akaigandamiza kwa kidole gumba. "Panya wako anajua kufunga tepe. Panya wako analala kitandani kwangu."

Fundi hakukiona kirungu. Alikisikia kikipasua hewa, kisha mkono wake wa kulia ukawa si wake tena. Mfupa wa juu ya kiganja ulikatika kwa sauti kavu, na maumivu yakaja nyuma yake kama lori lisilo na breki. La pili lilimpata mbavuni. La tatu lilimpata gotini, akaenda chini, uso kwenye changarawe yenye oili. Buti lilimfuata, likamgeuza, likamkanyaga tumboni.

"Ulijua," Kamanda alisema, kila neno na teke lake. "Mmekaa. Mmepanga. Kwenye. Gari. Langu."

Vifungo vya ovaroli viliachia, na kiatu kikatoka. Kilibingirika kidogo, kikasimama wima kati yao, soksi ikichungulia.

Kamanda alitulia. Aliinama, akakiokota, akakiweka kwenye kiganja. Kilienea chote kwenye mkono wake mmoja.

"Kimoja," alisema. Uso wake ulilainika, na Fundi, aliyekuwa akihema chini, aliogopa ule ulaini kuliko kirungu. "Basi mguu huu nao hautakihitaji. Subiri hapa, shemeji. Niende kwanza nikawaamshe."

Akaligeukia gari. Lilikuwa likiita, ti-ti-ti, mlango wazi, ufunguo ndani.

Fundi hakuwa na mkono, wala pumzi, wala kitu cha kushika isipokuwa mguu uliokuwa ukimpita. Akaukumbatia kwa mkono wa kushoto, na kwa kuwa hakubakiwa na kingine, akatumia meno. Alizamisha meno kwenye nyama ya nyuma ya ule mguu, juu ya buti, akapita suruali, akapita ngozi. Kamanda alinguruma. Kirungu kikaanza kushuka mgongoni mwa Fundi, kikapanda, kikashuka, nacho kilisikika kwake kama mtu anayetwanga chumba cha pili. Hakuachia. Alifikiri, kwa utulivu wa ajabu, kwamba akiachia, Chiriku hataongea tena maisha yake yote.

"Kamanda," aliita Mama Rangi.

Kamanda aligeuza uso. Mama Rangi alikuwa amesimama hatua chache tu na ile bastola ya kupulizia rangi, mpira wake umenyooka mpaka kwenye kompresa inayonguruma. Alikuwa ameijaza bluu ya basi la shule. Akabana kidole, hakukitoa.

Rangi ilimwingia Kamanda machoni, puani, mdomoni alipofungua kupiga kelele. Alirudi nyuma akizungusha kirungu kama feni. Kioo cha mbele cha lori kilimwagika. Pigo la pili lilimpata Mama Rangi begani, akayumba, bastola ikamtoka. Alilaani kwa sauti ndogo, akaokota bampa la zamani lililokuwa ukutani kwa mikono yote miwili, akamsukuma nalo kifuani mpaka akaanguka kwenye rundo la matairi.

"Ondoka na gari, wewe," alimwambia Fundi akihema. "Unangoja risiti?"

Fundi alitambaa, akaokota kiatu, akajitupa kwenye usukani. Kwa mkono wa kushoto akawasha, kwa mkono huo huo akaingiza gia, usukani akiushikilia kwa goti. Mlango ulikataa kufunga. Ulipiga, ukafunguka, ukapiga, na baza ikalia bila kukoma, kwa sauti ile nzuri aliyoirudisha mwenyewe. Nyuma yake, kabla hajaipita kona, alimwona Kamanda amepiga magoti, uso wote bluu, akipapasa kiunoni. Alidhani anatafuta kirungu.

Safari haikuwa ndefu, lakini kila tuta lilimpandisha roho mpaka kooni. Mwanzoni mwa mtaa, mzee wa kizuizini alilisikia gari kwa mbali, akalitambua, akainua mti na kupiga saluti akitazama mbele, kama walivyofundishwa. Nusu ya kichwa chake ilikuwa imefungwa bandeji.

Geti la nyumba lilikuwa limeegeshwa tu. Fundi alipanda ule mwinuko wa ua huku gari likilia ti-ti-ti chini ya dirisha, akazima injini, akaacha kila kitu wazi, akaingia jikoni kwa bega.

Kitu kizito kilipita karibu na sikio lake, kikachimba fremu ya mlango. Vipande vya mbao vilimrukia usoni. Ilikuwa pasi, na dada yake alikuwa tayari ameinyanyua tena, mikono miwili juu ya kichwa, waya wake ukining'inia na ule utepe mwekundu.

"Dada. Ni mimi."

Ilimchukua muda kumwona. Jicho lake moja lilikuwa limefumba kabisa, limevimba kama tunda bovu, na la pili lilikuwa la mtu aliyekwisha kuamua. Pasi ilishuka kidogo kidogo.

"Nilisikia linalia," alisema. "Nikajua umelitengeneza. Nikasema basi. Leo nitapiga mimi kwanza."

"Nisamehe."

"Mkono wako."

"Umevunjika. Yeye yuko gereji, Mama Rangi amempaka rangi. Twende, dada. Twende sasa hivi."

Hakuuliza swali la pili. Dada alikuwa mtu wa hivyo, hata baba alimsifu: akishajua tatizo liko wapi, hapotezi muda kulitazama. Aliingia chumbani akatoka na Chiriku begani, mguu wa plasta umetokeza mbele kama mtutu. Mtoto alimwangalia mjomba wake, akauangalia mkono wake, akaangalia ile tepe nyekundu iliyokuwa bado imebandikwa kwenye paji la uso wake lenye damu. Hakusema kitu. Walimlaza kiti cha nyuma. Dada alikaa kwenye usukani, Fundi pembeni, na gari likateremka uani likilia.

Mti wa kizuizi ulikuwa chini.

Mzee wa bandeji alikuwa amesimama katikati ya barabara, redio mkononi, na redio ile ilikuwa ikisema kwa sauti ya mtu anayetema rangi: "Zuia gari langu. Yeyote mwenye gari langu, mtoe, mlaze chini. Jibu. Kizuizini, jibu."

Kumbe redio ndiyo aliyokuwa akiipapasa Kamanda kiunoni. Dada alikanyaga breki, akabaki ameushika usukani kwa mikono miwili. Hakuzima.

"Nitaugonga huo mti," alisema kwa sauti ndogo. "Nikiugonga, mshike mtoto."

"Subiri."

Mzee alikuja upande wa dereva. Safari hii hakupiga saluti. Aliinama mpaka uso wake ukaingia kwenye uwazi wa ule mlango mbovu, na pengine kwa mara ya kwanza tangu aanze kazi mtaani pale akatazama nani yumo garini. Alitazama jicho la dada. Alitazama mkono wa Fundi uliolala mapajani kama kitu cha kuazima. Alitazama nyuma, ile plasta, na kiatu kimoja alichokuwa amekikumbatia mtoto. Baza ililia ti-ti-ti usoni mwake.

"Jibu, mjinga wewe," ilisema redio. "Nitakuongeza na la pili."

Mzee aligusa bandeji yake. Kisha akashika kile kirungu kidogo cha juu ya redio, kile cha sauti, akakizungusha polepole mpaka kikagonga mwisho. Redio ikanyamaza.

"Betri zetu hizi," alisema. "Zinaisha ovyo."

Akaenda akauinua mti. Akausimamia, mgongo umenyooka, mpaka walipopita.

Wakaingia barabara kubwa. Dada aliendesha kwa jicho moja, akiushikilia mlango kwa mkono usiokuwa na kazi, na gari lilikuwa bado linalia.

"Siwezi kuisikia hiyo sauti," alisema. "Miaka yote ile. Nikiisikia najua amefika."

"Papasa chini ya usukani," Fundi alimwambia. "Karibu na goti lako."

Dada aliuachia mlango, ukafunguka kidogo, upepo ukaingia. Alipapasa. Vidole vyake vilisimama. Alimgeukia mdogo wake, na ile midomo iliyopasuka ilijaribu kucheka, ikatoa damu, ikacheka hivyo hivyo.

"Refu kama sikio la punda," alisema.

"Nilitaka ulipate."

Akalishika kwa kucha mbili, akavuta. Waya uliachana bila ubishi, na baza ikakatika katikati ya mlio.

Kulikuwa na injini tu, na upepo, na matairi. Walikisikiliza kimya kile kama watu wanaokunywa maji. Simu ya Fundi ikatetemeka mfukoni. Akaibana kwa bega. Ilikuwa sauti ya Mama Rangi, imekatika pumzi, na nyuma yake watu wengi wakizungumza.

"Nimemkalia," alisema. "Mgongoni. Ofisa wa polisi amekuja, sura ngeni, simfahamu, na amemkuta na kirungu mkononi na kioo cha mwenye lori chini. Mwenye lori naye kafika, hataki kusikia mambo ya nyumbani yamalizwe nyumbani. Mtahitajika kusema, nyote wawili. Lakini hospitali kwanza."

"Bega lako?"

"Bega ninalo lingine."

Akakata. Fundi alimwambia dada yake aliyoambiwa, na dada akaitikia kwa kichwa, mara nyingi, macho barabarani. "Nitasema," alisema. "Safari hii nitasema mpaka wachoke."

Kisha, kutoka kiti cha nyuma, ikaja sauti nyembamba iliyopata kutu kidogo.

"Mama. Gari limeacha kulia."

Fundi aligeuka na mbavu zake zote zikamlaani.

"Limeacha, Chiriku."

Mtoto alifikiri. "Mjomba, mkono wako nao watautia plasta?"

"Nadhani."

"Inawasha ndani. Usijikune kwa kijiko, kinaingia halafu hakitoki. Mimi kipo bado humu. Na una tepe usoni, unajua? Nani amekubandika? Mbona una damu kwenye meno, ulikula nini?"

Dada aliunyoosha mkono, akamtoa mdogo wake ile tepe nyekundu kwenye paji la uso, akiishika kwa sikio lake, ikatoka bila kumuumiza. Akaibandika juu ya dashibodi, sikio juu, ili lisipotee. Kisha akaushika tena mlango na kuufuata mshale wa hospitali, na kule nyuma Chiriku alikuwa tayari kwenye swali lingine.